Kiti cha Mbele

Taa ilianza kuwaka masika yalipokatika,
nyekundu, ndogo kama kucha:
mtu ameketi kiupandeupande,
mbele ya kifua chake duara,
utasema kapakata fenesi.

Chini yake yuko mwenziwe wa rangi ya chungwa,
huyo kakatwa na mstari.
Yeye huwaka kiti cha mbele kikiwa kitupu,
ndiyo kazi yake, sina ugomvi naye.
Lakini sasa dada yangu Mize akiketi,
akafunga mkanda, akaweka mkoba miguuni,
anawaka vilevile.

"Gari lako halinijui?" akauliza Mize.
Yeye aliyekijaza kiti hicho miaka tisa,
akinielekeza njia ninayoijua,
cherahani moja, mabibi harusi mia wa Wete,
mkono mzito, kicheko kizito.

Fundi Shaame wa Machomanne hakugusa kitu kwanza.
Alizima, akautia ufunguo mfukoni mwake,
akafungua betri upande wa hasi,
kisha akakaa juu ya ringi akanywa chai.
"Dakika kumi. Mfuko huu una baruti yake,
na umeme uliobaki ndani ni kama hasira za mpole:
huzioni mpaka ushapasuka pua."

Mize alisubiri kwenye benchi,
buibui limemzunguka mara mbili.

Chini ya kiti tulikuta
sindano ya cherahani,
vifungo vitatu vya lulu,
makonyo ya karafuu ya msimu gani sijui,
cheti cha hospitali kimekunjwa mara nne.
Hicho nilikitia mfukoni upesi.
Na plagi ya manjano,
shaba yake imeota kijani kwa maji ya mvua.
Shaame akaisugua kwa mswaki uliostaafu,
akaipuliza, akaibana mpaka ikalia *tik*.

Akarudisha betri. Akawasha.
Yule mwekundu akatokea, tukamhesabia,
moja, mbili, mpaka sita,
akazimika kama aliyeaga vizuri.

Wa chungwa akabaki.

"Ngwali, kaa." Kijana wake akaketi, taa ikazimika.
"Shuka." Ikawaka.
"Bi Mize, tafadhali."
Akaketi. Ikawaka tu.
Akajiinua, akajibwaga, akaegemea nyuma,
akacheka, "Hebu nione leo nani mshindi!"
Ikawaka tu.

Shaame akaniita upande wa boneti.
Alifuta mikono, na mikono ilikuwa safi.
"Kihisi kizima, dada. Kimewekewa kiwango.
Chini ya hapo kinasema, huyu ni mtoto,
kinaufunga mfuko usije ukampiga.
Hakidanganyi.
Abiria ndiye..."
Akaendelea kufuta.

Nikatoa fedha. Akarudisha nusu.
"Nilipe taa moja."

Tukashika njia ya Mkoani, miadi ya saa nane.
Hakuuliza. Mshonaji huyo,
anajua nguo inapompwaya mtu
kabla mwenyewe hajajua.
Alikuwa akiitazama tu ile taa,
kama mtu anayetazamwa na mdogo wake aliyekosa adabu.

Mtambile akasema, "Simama."
Akashusha kioo, akapatana bei bila huruma,
akapokea fenesi zima, lile lenye miiba butu,
akalipakata, akalikumbatia kwa mikono miwili.

Taa ikazimika.

"Umeona?" akasema. "Leo nimo."
Na kweli, alikuwa yule yule wa kwenye kioo,
mtu na duara lake.
Nilijua Shaame angenifokea,
kitu kigumu hakikai kati ya mfuko na kifua.
Niliendesha polepole, kama aliyebeba mayai,
gari lote likinuka sukari,
na Mize akinionyesha njia:
"Kona hiyo. Shimo hilo. Punguza."

Getini kwa hospitali nikazunguka upande wake,
nikafungua mlango, nikasema, "Lete."
Nikalipokea fenesi.

Nyuma ya bega lake
taa ikawaka,
naye bado hajashuka.